Nani Kamfundisha Mama Kemi Kutoa Farasi Sadaka?

Jumamosi, Bugene.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na haraka, na barabara ya kwenda Kayanga imekuwa tope tupu. Vijana wa bodaboda wamejibanza kwenye baraza la duka langu wanapiga soga kwa Kinyambo. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na siku kama hii hakuna anayekumbuka kubadili cheni. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika, na nina jambo ambalo nisipoliandika leo litanikaa kooni.

Wiki hii nilimshuku mke wangu.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Basi libaki hivyo.

Jina lake ni Adventina, lakini mimi humwita Mama Kemi, kwa sababu ya Kemilembe, binti yetu wa pekee aliye shule ya bweni. Ni Mhaya wa Muleba. Anauza vitenge kwenye magulio, na kila Alhamisi huenda gulio la Nkwenda, kule wilaya ya Kyerwa. Ni mwanamke wa maneno machache. Akinikasirikia ananipakulia chakula kizuri kuliko siku zote, na hapo ndipo ninapojua nimekosea.

Kemi alipoondoka kwenda shule nyumba ilipooza. Jioni moja nikatoa ubao wangu wa chesi uvunguni mwa kitanda, nikamfundisha mama yake. Alijifunza upesi, ila alicheza kwa woga. Alikuwa anakusanya askari wake mbele ya mfalme kama mtu anayefunga madirisha kabla ya mvua, halafu anasubiri nije nimvunje. Nilikuwa namshinda kila Jumapili. Sikuona ubaya wowote. Nadhani nilikuwa nimezoea.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani, tukala, tukakaa sebuleni. Yeye alichukua weupe. Akasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, nami nikasogeza wangu, wakakutana uso kwa uso. Mpaka hapo ni kawaida yetu. Kisha akamshika yule askari wa pembeni, anayelinda ubavu wa mfalme, akamsukuma hatua mbili na kumweka mahali ambapo ningemla bure.

Nilimtazama. Nikadhani amekosea. Nikamwambia arudishe. Akasema hapana, kula.

Nikamla. Akatoa farasi. Nikaleta askari wangu kumtishia huyo farasi, nikijua atamwondoa, kwa sababu Mama Kemi hajawahi kuacha kitu chake kiliwe. Farasi hakuondoka. Yeye akamficha mfalme wake pembeni, ngome ikamkinga, akakunja mikono yake mapajani. Farasi akabaki pale kama ameachwa mlangoni.

Nikamla na huyo farasi. Malkia wake akatoka.

Sitaki kusimulia kila hatua, maana wanaosoma hapa wengi wenu hamchezi. Itoshe kusema kwamba mfalme wangu alikimbizwa katikati ya ubao akiwa hana pa kujificha, na vitu nilivyokula bure vilikuwa vimelala mezani pembeni yangu bila kunisaidia. Nilitoka jasho sebuleni kwangu mwenyewe. Mwishowe malkia wake akawa ananipiga cheki, yaani anamtishia mfalme wangu, kutoka kushoto, nakimbilia kulia. Ananipiga kutoka kulia, narudi kushoto. Hakukuwa na namna nyingine. Tukakubaliana sare.

Nilicheka, nikampongeza, na ili nionekane bado ni mwalimu nikamwonyesha kosa lake. Nikamwambia kwamba angeacha cheki kidogo akaleta ngome ya pili katikati, ningekuwa nimekwisha. Akautazama ubao kwa makini, akaitikia kwa kichwa.

"Huko bado hatujafika," akasema.

Akaanza kukusanya kete, akaenda jikoni.

Hatujafika.

Hakusema "sijafika." Nilibaki nimekaa na neno hilo. Mtu anayejifunza peke yake hasemi hatujafika. Hatujafika ni mimi na nani?

Sikumuuliza. Sasa hivi naona kwamba kama ningeuliza, mambo yote yangekwisha jioni ile ile. Lakini mtu akishaingiwa na shuku hapendi kuuliza, anapenda kuchunguza. Nilianza kuyakumbuka mambo ambayo siku zilizopita sikuyajali. Kwamba siku hizi Alhamisi anarudi jioni kabisa, wakati zamani alikuwa anawahi kumenya ndizi za usiku. Kwamba anapokea simu akiwa uani. Na kwamba Alhamisi iliyotangulia nilimkuta anatafuna akamwani, zile kahawa kavu zetu. Akamwani zinauzwa kila mahali, najua, lakini za kununua zinakuja kwenye nailoni. Hizi zilikuwa zimefungwa vizuri kwa ganda kavu la mgomba, namna anavyofungiwa mgeni anapoagwa nyumbani kwa mtu. Nilipomuuliza siku ile alisema amepewa tu huko gulioni.

Nani anampa mchuuzi akamwani za kuagia mgeni?

Jumatatu na Jumanne sikuuza vizuri. Niliwapa watu vipuri visivyo vyao. Kichwani nilikuwa nimeshampata mhusika. Kuna kijana mmoja mtaalamu wa mifugo, ametokea Bukoba, watu wanamwita Daktari. Amepanga chumba si mbali na kwetu, ni mtanashati, na mara nyingi nimemwona anacheza chesi kwenye simu akisubiri nimfungie taa ya pikipiki. Kazi yake inamzungusha Karagwe na Kyerwa kwa wafugaji, kwa hiyo akiwa Nkwenda siku ya gulio hakuna atakayeshangaa. Kila nilipolifikiria niliona linaingia sawasawa.

Jumanne mchana akapita kununua plagi. Nikamwambia akae, leo tucheze mchezo wa watu, si wa simu. Alifurahi sana. Niliupanga ubao juu ya boksi la matairi, nikampa weupe makusudi, nikasubiri aachie farasi wake.

Masikini, kijana hajui kitu. Alisogeza askari mmoja huku, mwingine kule, akamtoa malkia mapema nikamkamata, akacheka mwenyewe. Alipopoteza farasi wa kwanza aliomba arudishe. Mtu wa namna hiyo hawezi kumfundisha mwenzake kutoa farasi sadaka. Niliona aibu, lakini badala ya kutulia nikapata wasiwasi mpya, maana sasa mhusika hakuwa na uso.

Ndipo Daktari, akiwa anafunga zipu ya koti, akaniambia bila kuwaza lolote kwamba amemwona mke wangu Mabira mara mbili, siku alizokuwa kule kwenye chanjo ya ng'ombe. Akasema hakujua kwamba tuna ndugu kule.

Nikamjibu kwamba ndiyo, tunao.

Mabira anaishi kaka yangu.

Nimejaribu kuwa mkweli katika ukurasa huu, kwa hiyo niseme na hili. Mkono uliocheza ile Jumapili niliutambua. Niliutambua tangu farasi alipokataa kuondoka. Kaka yangu Respicius ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani kwetu Ihembe, alipokuwa anarudi likizo kutoka seminari, na kila mara alikuwa ananiachia farasi, nami mtoto nilikuwa namla kwa furaha, kisha nachapwa mbele ya mzee wetu. Respi hakuwahi kucheza vingine. Niliujua mkono wake, nikaufukuza kichwani, nikamweka mwanamume mwingine mahali pake.

Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kumshuku mke wangu kuliko kumkumbuka kaka yangu.

Sababu ni baba. Mzee wetu aliishi na mimi Ihembe miaka yake yote ya uzee, na nilipohamia hapa Bugene kwa ajili ya duka bado nilikuwa kwake karibu kila siku. Alikwenda Mabira kumtembelea Respi, akaugua huko huko, akafa. Mimi nilikuwa Mwanza kuchukua mzigo wa duka. Nilipiga simu nikasema mnisubiri, niko njiani, mzee analala Ihembe pembeni ya mama, kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba. Nilipofika Mabira nilikuta kaburi limeshafukiwa. Respi aliniambia mbele ya watu kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza azikwe pale na asicheleweshwe.

Sikuamini. Nilimwambia ameniibia baba. Tangu siku ile hatukusalimiana, si Krismasi wala Pasaka, na nyumbani kwangu nilitoa amri kwamba kule si kwetu tena. Mama Kemi aliinamisha kichwa. Nilidhani amekubali.

Kwa hiyo Jumanne jioni nilikuwa na shuku ya namna nyingine, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Respi anataka nini kwa mke wangu? Anamvuta upande wake ili iweje? Je, anatafuta mtu wa kunilainisha aje aulize habari za kibanja cha Ihembe? Nilimtazama Mama Kemi akipepeta maharage, nikajiambia kwamba huyu mtu simjui.

Alhamisi alipanda Noah ya Nkwenda na mizigo yake. Nilimwambia nakwenda Kayanga. Nilifunga duka, nikawasha pikipiki, nikaifuata ile gari kwa mbali. Sijivunii. Huko Nkwenda nilisimama nyuma ya mashine ya kusaga nikamtazama akitandaza vitenge, akicheka na wateja, akipunguza bei. Jua lilipokuwa kichwani akamwachia mwenzake biashara, akapanda bodaboda, wakashika njia ya Mabira.

Nilimfuata mke wangu katikati ya migomba ya watu kama askari anayefuata mwizi wa ng'ombe. Watu walikuwa wameanika kahawa kwenye maturubai kando ya njia, wakanipungia mkono, wengine walinitambua. Mimi nilitazama mbele.

Niliacha pikipiki nje ya kibanja nikaingia kwa miguu. Shemeji yangu, mke wa Respi, alikuwa anamenya ndizi karibu na jiko. Barazani Mama Kemi alikuwa amekaa kwenye mkeka, Respi kwenye kigoda, ubao uko katikati yao. Kaka amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja tu, sijui kwa nini. Alikuwa anamwonyesha kitu kwa kidole, na kabla hajaniona nikasikia anasema kwamba ngome ya pili ndiyo inayosahauliwa na kila mtu.

Kisha akainua macho.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Mdomo wangu ukatoa jingine, kwa mazoea tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Nova," akasema. 

Mama Kemi hakushtuka hata kidogo. Alinitazama akasema, "Umechelewa. Mimi nilikutegemea tangu Jumatatu."

Shemeji alileta kigoda, na akamwani kwenye kisahani, zimefungwa kwa ganda la mgomba. Nilizitazama. Nikakaa.

Mama Kemi ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache, kama anavyoeleza kila kitu. Alimwona shemeji gulioni Nkwenda, wakalia wote wawili. Akaja hapa kumuuliza Respi jambo moja: mzee alisema nini kabla hajafa? Yeye Mama Kemi alikuwa amechoka, alisema, kuishi na mtu anayeamka akisemezana na kaka yake chooni. Nilikuwa sijui kwamba nafanya hivyo. Respi alikataa kumjibu. Alisema jambo hilo atamwambia Novatus mwenyewe, si mwingine. Mama Kemi akarudi tena, akakataliwa tena. Siku ya tatu akaona ubao kwenye kabati, akasema yeye pia anajua kidogo, na Respi akasema afadhali wacheze. Ndipo alipofundishwa farasi. Aliuleta mchezo ule nyumbani kwa makusudi, akijua nitauona mkono wa kaka yangu na nitauliza.

"Hukuuliza," akasema.

Halafu aliinuka akaenda kumsaidia shemeji ndizi. Tukabaki wawili, na hapo ndipo nilipouliza lile ambalo sikuwahi kuuliza kwa sauti ya kawaida.

"Kaka, mzee alisema nini?"

Respi alikuwa anamgeuza geuza askari mmoja kati ya vidole.  Nilianza kumshuku kwamba anatunga.

"Hakusema kitu," akajibu. "Alilala asubuhi, hakuamka. Hakuagiza kuzikwa hapa wala popote. Niliamua mimi."

 Kwa hiyo nilikuwa sahihi! Miaka yote hii nilikuwa sahihi, na watu wa ukoo waliniona mkorofi. Nilitaka kusimama niwaite wanawake waje wasikie. Lakini alikuwa bado anasema, ameinamisha uso, kwa Kinyambo sasa, lugha ambayo tunaitumia tunapokuwa hatuna nguvu ya Kiswahili.

Alisema kwamba mimi nilikuwa na mzee maisha yote. Yeye alipelekwa seminari akiwa mdogo, akatoka huko, akapata kiwanja huku, na kila alipokuja Ihembe alikuwa mgeni, anapewa kiti kizuri na kuulizwa anaondoka lini. Mzee alikaa kwake siku chache tu, wakawa wanaongea jioni, wakacheza hata chesi, na katika siku zile alijiona ana baba. Asubuhi ile alijua kwamba nikifika nitamchukua. Ndiyo maana hakunisubiri. Lile la kwamba mzee aliagiza lilimtoka mbele ya watu, na likishatoka hakuweza kulirudisha.

Akasema kama nataka, atakwenda na mimi kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa padre, na kote inakotakiwa, mzee ahamishiwe Ihembe. Hatabisha. Ataeleza ukweli hadharani.

 Nilimwomba anionyeshe kaburi.

Liko nyuma ya nyumba, palipo na mibuni ya zamani. Limesakafiwa, limefagiwa, pembeni ameweka benchi la mti lililochakaa kwa kukaliwa. Nilitafuta kosa. Kweli nilitafuta: ufa, majani, chochote cha kunisaidia nibaki na hasira yangu. Respi alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nilisali nilichoweza. Nilipogeuka nikamkuta analia bila sauti, nami sikumshika bega. Nilitaka kumshika. Mkono haukwenda.

Tulirudi na Mama Kemi kwenye pikipiki, tukapitia mizigo yake Nkwenda.  Tulipoanza kuona taa za Omurushaka akaniuliza kwa utulivu kabisa:

"Wiki nzima ulikuwa unaniwazia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, na Daktari nikamtaja. Nilitegemea atacheka, maana yule kijana kweli anachekesha. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa kiunoni kwangu kwa ajili ya mashimo ya barabara, akaiondoa, akashika chuma cha nyuma mpaka tulipofika nyumbani. Usiku ule nilipakuliwa kipande kikubwa cha samaki na ndizi laini zilizoiva vizuri. Nilikula nikijua ninakula nini.

Jana, Ijumaa, nilikaa hapa dukani na swali la Respi, la kumhamisha mzee au kumwacha. Nilijaribu kuwaza mzee angetaka nini, nikakuta sijui, kwa sababu hakusema. Nikajiuliza nataka kumhamisha kwa ajili yake, au nataka watu wa Mabira wanione nikimtoa kwenye ardhi ya Respi? Jibu lilikuja upesi mno, na sikulipenda.

Bado sijamwamini kaka yangu vizuri. Alhamisi usiku nililala nikifikiri kwamba labda kukiri kwake nako ni farasi mwingine aliyeachwa mahali nimle. Pengine nitakuwa hivi muda mrefu.

Jana jioni nikampigia. Namba yake ilikuwa bado kichwani. Nilimwambia mzee abaki alipo. Nikamwambia lakini ukweli atausema mbele ya ukoo, yeye mwenyewe, siku tutakayopanga, na siku hiyo nitakuwa nimekaa pembeni yake. Shule zikifungwa nitamleta Kemi aone alipolala babu yake.  Respi akasema, "Asante, mdogo wangu," na akakata kabla yangu.

Mama Kemi alikuwa mlangoni, amesikia yote.  Aliniambia tu kwamba Alhamisi anakwenda Nkwenda kama kawaida, na akimaliza biashara atafika Mabira.

Nikasema sawa.

Nilitaka kumuuliza atarudi saa ngapi. Sikuuliza.